Bi Nesi na Wale Wanne

Siku ya tatu baada ya kuletwa mtaa wa Tibirinzi, Pemba, nikiwa bibi harusi, nilikuwa nimekaa ukumbini, hina bado mbichi viganjani, sina ruhusa ya kugusa chombo, nikasikia gitaa likija kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati ambapo mtaa mzima hujilaza na hata majogoo hukaa kimya. Gitaa lilikuwa likipanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Lilipofika juu likatetemeka, likabaki pale pale. Nilimwuliza wifi yangu kuna harusi gani kwa jirani.

"Hakuna harusi," akasema. "Huyo Bi Nesi. Yuko na wanne wake."

Nikadhani ana watoto wanne. Ilinichukua wiki kujua kwamba wale wanne ni bendi ya muziki wa roki ya nchi ya mbali yenye baridi, wanaume walioanza kupiga muziki wakati Bi Nesi akiwa msichana wa masomo, na ambao mpaka leo, mvi zimewajaa, bado wanapiga. Jina la bendi yao analijua, ila sikumsikia hata siku moja akilitamka. Kwake walikuwa "wale wanne", na hata alipofariki mmoja wao wakabaki watatu, aliendelea kuwaita wale wanne.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mume wangu, ambaye alizaliwa mikononi mwake, alimwita Bi Nesi. Imamu alimwita Bi Nesi. Watoto wake mwenyewe wawili, wanaoishi Maskati, nikiwasikia kwenye simu wakimtania, nao walimwita hivyo hivyo. Alikuwa mkunga katika hospitali ya Chake mpaka alipostaafu. Nami nitamwita hivyo.

Alisikiliza muziki kama watu wengine wanavyosubiri kudungwa sindano. Alikaa kwenye kibao, mgongo wima, mikono juu ya magoti, macho kwenye redio kaseti. Hakupika huku akisikiliza, hakufagia, hakuzungumza. Adhana ikilia alizima papo hapo, hata kama mwimbaji yuko katikati ya neno. Akishasali harudi pale alipoachia. Anarudisha utepe mpaka mwanzo wa wimbo. "Wimbo umekatika, uanze upya," alisema, kwa sauti ile ile aliyowaambia kina mama wajifungue vizuri. Ramadhani ikiingia aliifunga redio ile ndani ya kanga na kuisukuma chini ya kitanda, na ilikaa huko mpaka Idi pili. Idi mosi aliona ni mapema.

Na ukimwuliza kama anapenda muziki, anakataa katakata.

"Mie si mtu wa muziki, mwanangu. Muziki una watu wake. Mie nna wale wanne tu."

Ni kweli. Taarabu ikianza kwenye harusi alikuwa wa kwanza kutafuta viatu vyake.

Kaseti zake alizipanga ndani ya kabati la dawa, lile jeupe la vioo ambalo hospitali ililitupa akaliomba. Kila kaseti ilibandikwa kipande cha plasta chenye maandishi ya wino. Rafu ya juu, ya miaka yao kumi ya mwanzo, aliiita kumi la kwanza, ya kati kumi la pili, kama tunavyoyahesabu makumi ya mwezi wa Ramadhani. Shehe mmoja jirani alipolisikia hilo hakupendezwa. Bi Nesi akamwambia, kwa adabu kabisa, "Shehe, kumi ni hesabu. Hata vidole vyako ni kumi." Shehe akacheka, wakaachana kwa wema.

Tofauti ya makumi yale niliijua kwanza kwa mikono yangu kabla sijaijua kwa masikio. Msimu wa karafuu wanawake wa mtaa tulikusanyika kwenye ukumbi wake kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na yeye kwa heshima ya wageni alikuwa akiacha kaseti iende. Akiweka ya kumi la kwanza, tulikwenda mbio. Nyimbo zile zilikuwa fupi, zina hasira, zimerekodiwa kama ndani ya pipa, na ngoma ilikuwa inakusukuma mgongoni. Pakacha lilikwisha hatujajua. Akiweka ya kumi la pili, mikono ililegea. Kulikuwa na wimbo mmoja humo ambao Bi Nesi alisema ni mrefu kama kutoka Chake mpaka Wesha kwa baiskeli, na ni kweli ulikuwa na miteremko, na mahali pa kivuli, na mahali ambapo unaanza kunusa bahari hujaiona bado. Kinanda kiliingia taratibu, gitaa likakifuata. Siku moja wimbo ule ulipokwisha tulijikuta sote sita tumeshika karafuu mkononi, hakuna anayechambua, na kwenye jamvi mbele yetu fungu ni lile lile. Mwenye karafuu alikuja alasiri akauliza tumeshinda tukifanya nini. Mmoja wetu akasema, "Tulikuwa Wesha."

Kumi la tatu halikuwa na rafu. Rafu ya tatu iliwekwa pamba na bendeji.

Bi Nesi alimsikia mwimbaji kwa sikio la kazi yake. Maneno hakuyajali sana. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya ukunga, na mimi, kwa kuwa nilisomesha Kiingereza skuli ya sekondari, aliniita pale tu neno lilipomsumbua. Alichokisikiliza ni pumzi.

"Skiza hapa anapovuta," alikuwa akiniambia. "Hapa ana miaka ishirini na mbili, anavuta kwa tumbo, kama mtoto. Sasa skiza hii nyingine. Hapa keshaanza sigara. Na hapa, huyu keshapata pumu, ila hajaambiwa."

"Bi Nesi, utajuaje?"

"Anakata mstari pabaya. Mstari ulikuwa haujesha, yeye kesha."

Nilipojifungua mwanangu wa pili, ilikuwa zamu yake, karibu ya mwisho kabla ya kustaafu. Maumivu yalichukua kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Hakuwa mpole, wodini hakuwa mpole kwa mtu yeyote. Lakini kila uchungu ulipopanda aliniinamia akaimba kwa pua, bila maneno, ule wimbo wa baiskeli. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaanza kuusubiri, kwa sababu niliujua: nilijua tuko kwenye mteremko, nilijua kivuli kinakuja. Mtoto alitoka pale kinanda kinapoingia. Sijawahi kumwambia mwanangu habari hii. Yeye hapendi roki.

Tulipozoeana nikaanza kuwa na maoni. Mwalimu hawezi kukaa na vitu vinne asivipange. Nikamwambia Bi Nesi nimeligundua jambo: katika kumi la kwanza wale wanne waliimba wanavyovitaka, na katika kumi la pili waliimba wanavyoviota, kwa hiyo bila shaka baadaye wataimba walivyovipoteza. Nililisema kwa majivuno.

"Weye unawasahihisha kama mtihani," akasema. "Hawa hawakujua kama wako ndani ya kumi. Walikuwa wanaamka asubuhi wanapiga."

Kisha akaniambia habari ya Mwenzangu.

Alisomea ukunga ng'ambo miaka mitatu, katika mji wa baridi. Bwenini alipangwa chumba kimoja na msichana wa huko mwenye nywele nyekundu, naye akisomea kazi hiyo hiyo. Siku ya kwanza theluji ilipoanguka, Bi Nesi alijifunika blanketi gubigubi akalia kwamba anataka kurudi Pemba. Yule msichana aliinuka. Akaweka santuri, akafungua sauti yote.

"Nikadhani nyumba inabomoka," Bi Nesi alinisimulia. "Nikanyamaza kulia ili niskie kama inabomoka kweli."

Msichana yule, Bi Nesi hakumwita kwa jina katika hadithi zake. Alimwita Mwenzangu. Bi Nesi aliporudi nyumbani, Mwenzangu aliendelea kumpelekea kila albamu mpya ya wale wanne, ameirekodi kwenye kaseti, imefungwa ndani ya bahasha nene, pamoja na barua. Na Bi Nesi alijibu. Barua zao, alizonionyesha nyingine, hazikuwa na mengi ya wanaume wala ya afya. Walizaa, wakaandikiana mistari miwili ya pongezi; mmoja akafiwa na mume, mistari mitatu ya pole; kisha kurasa nne za ugomvi kuhusu gitaa. Mwenzangu alisema kumi la pili ni usingizi. Bi Nesi alisema mwenye kusema hivyo hajawahi kulala vizuri. Waligombana hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini wasichoke, na hawakuonana tena hata mara moja.

Sasa nifike pale ambapo na mimi nimo.

Mpiga dramu wao alifariki. Bi Nesi aliomboleza; alikaa siku kadhaa bila kufungua kabati. Kisha wale waliobaki, badala ya kutafuta mpigaji mwingine, wakaanza kumi la tatu kwa albamu ambayo ngoma zote zilipigwa na mashine. Kaseti ilifika. Bi Nesi akaisikiliza mara moja, akaizima kabla haijafika mwisho, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya pasipo adhana. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Wameweka bati mahali pa mtu," akasema.

Barua ya Mwenzangu iliyokuja na kaseti ilikuwa fupi kuliko kawaida. Ilisema albamu hii ndiyo bora kuliko zote, kwamba anaisikiliza kila siku, kwamba angependa sana Bi Nesi aisikie vizuri. Haikusema kwa nini. Bi Nesi alikaa kuijibu siku hiyo hiyo. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko Kiingereza chake, basi akaniita. Alinitamkia kwa Kiswahili, mimi nikawa natafsiri. Alisema: "Mwambie, ngoma ya mashine haipumui. Mwambie, kinachopumuliwa na mashine si kizima, na mwenye huruma angekizima."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka, kwa jinsi "kizima" na "angekizima" zilivyogongana. Kiingereza hakina mchezo huo, nikajitahidi nikatafuta maneno mengine yenye makali yale yale, nikayapata, nikajisifu. Nikampa barua akaweka saini. Nikaitia posta mwenyewe, nikiwa njiani kwenda skuli.

Haikujibiwa.

Mwanzo Bi Nesi alisema posta imepoteza. Kisha akasema Mwenzangu amenuna, hasira zitamwisha. Aliandika nyingine, na nyingine. Albamu mpya haikuja. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Tukazoea. Alizisikiliza zile za makumi mawili, kwa kibao na mgongo wima, lakini nilimwona sasa akizima mapema, na mara nyingine wimbo ukikatwa na adhana hakuuanza upya. Nikimuuliza habari za Mwenzangu alinijibu, "Yuko," kama mtu anayeulizwa kuhusu jirani.

Siku bahasha ilipofika, ilikuwa miaka saba baadaye. Nyembamba, haina kaseti. Aliniita kwa juu ya ukuta. Nilimkuta amekaa, barua juu ya paja, miwani mkononi.

"Isome weye. Labda mie sikuielewa."

Nikaisoma kimya. Alikuwa ameielewa.

Mwenzangu aliandika kwamba wakati anapeleka ile kaseti ya mashine, mwanawe wa pekee alikuwa amelazwa kwa mwezi wa pili mfululizo, baada ya ajali, hajitambui, anapumuliwa na mashine. Alikaa kando ya kitanda na visikilizio masikioni, akisikiliza albamu ile, kwa sababu mapigo ya ngoma zake yalikuwa sawasawa na ya mashine ya kitandani, na kwa muda huo aliweza kukaa bila kupiga kelele. Hakuliandika kwenye barua kwa kuwa hakuweza kuliandika. Mwishowe madaktari walimwita, wakamwuliza, na yeye ndiye aliyepaswa kusema ndiyo. Akasema ndiyo. Barua yetu ilimfika wiki ya maziko.

Alisema anajua hatukujua. Alisema amelijua hilo tangu siku ya kwanza, na halikumsaidia. Na chini kabisa, kana kwamba hawezi kujizuia hata hapo, aliandika jambo moja kuhusu muziki: kwamba Bi Nesi hakuielewa ile mashine ya ngoma. Wale watatu hawakuiweka ikae mahali pa mwenzao. Waliiweka kwa sababu hawakutaka mtu yeyote akae pale.

Niliinua macho. Bi Nesi alikuwa anaitazama mikono yake.

"Mie nesi," akasema. "Mie nesi, mwanangu. Nimekaa na wangapi kando ya vitanda."

"Bi Nesi, maneno yale niliyapanga mimi. Ya Kiingereza ni yangu."

"Weye uliyavisha nguo tu. Mwili ulikuwa wangu."

Hakulia mbele yangu. Alisimama, akaenda chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa. Alirudi na ile kaseti ya mashine, aliyoitupa chini kabisa miaka saba iliyopita. Unyevu ulikuwa umeingia. Utepe umeota ukungu mweupe na kushikana. Akafungua parafujo ndogo tano za kaseti, akatoa utepe wote, akaulaza juu ya shuka safi kivulini. Kwa siku mbili aliusafisha kwa pamba na spiriti, shibiri kwa shibiri, kama anavyosafishwa mtu kidonda. Hakutaka nimsaidie. Nilipita kumjulia hali, "Shikamoo Bi Nesi," akajibu "Marahaba" bila kuinua kichwa, na ukumbi mzima ulinuka hospitali.

Siku ya tatu aliirudisha ndani ya ganda lake, akakaa kwenye kibao. Nami niliruhusiwa kukaa.

Sauti ilikuwa imeharibika. Ilikuja na kupotea, kama mtu anayezungumza akiwa upande wa pili wa mvua. Ile ngoma ilipiga, ikapiga, bila kuongeza wala kupunguza. Mwanzo nilisikia kile kile tulichokicheka: bati. Kisha nikaanza kusikia gitaa linavyofanya. Lilikuwa linakuja mpaka karibu na ngoma, pale ambapo zamani mpigaji angelijibu, na halijibiwi. Linasubiri kidogo. Linaondoka. Linakuja tena. Nyimbo zote za albamu ile zilikuwa hivyo, watu watatu wakizunguka kiti.

Aliisikiliza wiki nzima, kila siku baada ya adhuhuri, mlango umefungwa. Majirani walidhani anaumwa. Siku ya saba nikamwuliza.

"Siupendi," alisema. "Nisikudanganye. Muziki huu siupendi. Lakini nimewaskia."

Barua ya kujibu aliiandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza chake cha vitabu vya ukunga, na hakunionyesha. Aliniuliza swali moja tu, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Nisamehe kwa Kiingereza ni neno lile lile tu? Hakuna kubwa zaidi?"

"Ni lile lile, Bi Nesi."

"La mtu aliyekukanyaga mguu?"

"Lile lile."

"Basi ntaliandika mara ngapi?"

Nikamwambia aliandike mara moja, ila liachwe peke yake kwenye mstari. Akafanya hivyo, akafunga bahasha, na safari hii alikwenda posta mwenyewe. Nilimwona akiteremka barabara ya Tibirinzi kwa miguu, baibui lake jeusi likipepea kidogo, bahasha ameishika kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja masika yakiwa yamekwisha. Bahasha nene, ndani yake sidi mbili za kumi la nne ambazo hatukuwa hata na chombo cha kuzipigia. Barua ilikuwa na mambo mengi aliyoyasoma peke yake. Mstari mmoja alinisomea kwa sauti, akitafsiri mwenyewe: "Sasa hizi tugombane." Alinunua mashine ya sidi duka la karibu na soko, akaja akiibeba kifuani.

Walirudi kugombana, lakini si kama zamani. Katika kumi la nne wale watatu walikuwa wamepata mpiga dramu mpya, kijana, anayepiga kwa heshima kama mkwe aliyealikwa. Nyimbo zilikuwa za polepole. Mwimbaji hakufika tena juu. Aliimba kwenye ghorofa ya chini ya sauti yake, na kukawa na mambo huko ambayo zamani alipokuwa anapita mbio hakuyaona. Bi Nesi alishikilia kwamba kumi la pili bado halijapata mshindani. Mwenzangu alishikilia lake. Lakini kurasa nne za gitaa zilipungua zikawa mbili, na zile mbili nyingine zilijaa mambo waliyokuwa hawaandikiani: magoti, ndoto, yule marehemu mtoto wa Mwenzangu alivyokuwa akipenda mayai, hofu ya kuanguka bafuni. Mara nyingine Bi Nesi alinisomea kipande akacheka. Mara nyingine aliikunja barua, akaiweka chini ya mto, akaniambia niende nikaangalie chungu changu.

Mikono ilipoanza kumtetemeka, mtoto wa dada yake alimchukua akaishi naye Konde. Nyumba ya Tibirinzi ikafungwa. Kwa miezi kadhaa, baada ya adhuhuri, nilikuwa nikiamka usingizini nikidhani nimesikia kitu ukutani, na ni kimya tu kilichonistua.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho mwaka huu. Nilikuwa nimesikia kwamba wale wanne wametoa albamu mpya, baada ya muda mrefu ambao hata wapenzi wao walishawakatia tamaa. Nikaitia kwenye simu, nikapanda gari asubuhi. Konde palikuwa na shughuli zake, gari za abiria zinapiga honi za kwenda Wete, watu wanateremsha magunia, muuza samaki anagombana na mwanamke aliyesema changu wake wamelala, si wa leo. Nilimkuta kwenye kibaraza cha ndani, uani, ambako kelele zinafika zimeshapoa. Amekuwa mdogo. Mpwa wake alimweka mto mgongoni, lakini mgongo wenyewe bado ulikuwa wima.

"Shikamoo Bi Nesi."

"Marahaba, Mwalimu wangu. Umenenepa. Alhamdulillahi."

Tulizungumza habari za mtaa, nani amezaa, nani ametutoka. Nikampa simu. Hakupenda visikilizio, basi nikaiweka juu ya stuli karibu na sikio lake, na tukaacha iende.

Sijui niseme nini kuhusu muziki ule. Haukuwa na hasira ya kumi la kwanza, na wala haukuota. Mwimbaji alikuwa karibu anazungumza. Kulikuwa na mahali wote walinyamaza, sote tukadhani umekwisha, kuku wakapita uani, kisha gitaa moja likaendelea kutoka mbali kama halikujua kwamba wenzake wamesimama. Bi Nesi alifumba macho. Mikono yake ilitetemeka juu ya magoti, hailingani na ngoma yoyote. Ulipokwisha akaninyoshea kidole nirudie. Nikarudia wote, dakika arubaini na kitu, na jua likahama kutoka ukuta huu mpaka ule.

Nilingojea hukumu. Miaka thelathini nimekuwa nikingojea hukumu yake baada ya wimbo wa mwisho, na haijapata kuchelewa.

"Chukua karatasi," akasema. "Mie mkono hauniitikii tena. Andika kwa Mwenzangu. Kwa Kiingereza, na usipambe."

Nikatoa daftari langu la skuli, nikachana ukurasa. Nilikuwa mwangalifu na kalamu ile kuliko nilivyopata kuwa.

"Mwambie, nimeuskia mpya. Mara mbili." Nje honi ya gari la Wete ikalia, ikakatika. "Mwambie, sijui. Andika hivyo, sijui. Kisha muulize, weye umeskia nini?"

Nikaandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Aliisikiliza yote, mistari yenyewe mitatu, akatikisa kichwa kukubali.

"Ongeza," akasema. "Mwambie, safari hii ugomvi aanze yeye."